Nyumba ya Sura ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mhakiki wa gazeti amestaafu. Safu yake ya vitabu, inayotoka kila Jumatano, haina mwenyewe. Mhariri ametangaza kwamba atapokea tahakiki za riwaya moja mpya, ile inayozungumzwa na kila mtu, na atakayewakuna wasomaji ndiye atakayepewa safu. Nililisoma tangazo hilo nikiwa nimesimama kibandani, mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nanunua au nanusa.

Safu hiyo ni yangu. Nimesahihisha matini kiwandani kwa wachapaji maisha yangu yote. Hakuna kitabu kilichochapwa katika mji huu ambacho hakikupita chini ya rula yangu, na hakuna hata kimoja chenye jina langu. Mtu aliyeingia mji wa watu na mkoba mmoja, amemshika mkono mdogo wake, akazeekea humo humo, hutamani japo mara moja alione jina lake mahali pasipo na mhuri.

Tatizo ni Bibi Mkuu. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wasomaji pale maktabani. Naye anaitaka safu. Husoma kila kitabu kutoka jalada hadi jalada, penseli mkononi. Mtu wa namna hiyo hafai kuwa mhakiki. Anakijua kitabu mno.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata nakala ya riwaya. Nene. Dada, yule mdogo wangu, ameipima kwa kiganja, akasema itafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Mbinu yangu ni ile ile. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, jalada la nyuma. Ya katikati nawaachia wasomaji. Ukikaa kwa kinyozi au kwenye benchi la maktaba ukanyamaza, watu watakusomea kitabu kizima bila kuombwa.

Si uvivu. Kazini nilifundishwa kusoma kinyumenyume, kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, ili hadithi isinipumbaze nikapitwa na kosa. Riwaya nyingi nimezisoma hivyo. Niulize yoyote ilihusu nini, nami nitakuambia ilikosa mkato wapi.

Basi nimezunguka. Kinyozi anasema kitabu kinachekesha. Amecheka mpaka akamgusa mteja sikio kwa wembe, kidogo tu, alisisitiza. Muuguzi anasema amelia, ikabidi kazini awaambie ana mafua. Mkutubi anasema hakuna linalotokea humo hata kidogo, na ndipo ulipo utamu wake. Nikawauliza kisa chenyewe. Kinyozi: mwanamume anayehama. Muuguzi: mwanamke asiyehama. Mkutubi akafikiri sana, akasema kinahusu mvua.

Nimeyaandika yote. Kitabu kikubwa ni kile ambacho kila mtu anakisimulia tofauti. Hiyo itakuwa sentensi yangu ya kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Tahakiki imekamilika, ila haina uti wa mgongo. Mhakiki wa kweli huonyesha pale ambapo wengine wamepita bila kuona. Nahitaji tukio moja ambalo hakuna aliyelitaja. Nimechagua sura ya tisa kwa kuwa hakuna aliyeitaja.

Ndani yake nimeweka nyumba. Mlango wa kijani, rangi inabanduka kama magamba. Ngazi mbovu pale mbele, ya kurukwa. Kiti kinachoelekea ukutani, kwa sababu mguu wake ni mfupi na ukuta ndio unaokishikilia. Sikubuni sana. Ni nyumba yetu, kule tulikotoka. Hapa hakuna anayeijua isipokuwa Dada, naye alikuwa mdogo.

Nikaona nyumba tupu haisemi kitu, nikamweka mwanamke mlangoni, anafunga. Siku ile ya kuondoka Mama alituambia tutangulie, yeye anafunga mlango, atatufuata. Hakutufuata, wala hatukupata habari zake tena. Nimelitumia hilo kwa sababu sentensi ilihitaji kitendo.

Nimeipeleka kwa mhariri mwenyewe, mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Gazeti limetoa tahakiki mbili, yangu na ya Bibi Mkuu, ubavu kwa ubavu. Mhariri anataka kusikia wasomaji wanasemaje. Ataamua Jumamosi ya wiki ijayo, mwandishi wa riwaya atakapokuja maktabani. Nimemnunulia Dada gazeti lake mwenyewe. Amelisifu jina langu kwamba limekaa vizuri.

Jioni, mbele ya kikundi kizima, Bibi Mkuu alisimama akasema sura ya tisa haina nyumba. Sura ya tisa ni safari ya treni, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Akafungua nakala yake na kuwaonyesha. Kweli ilikuwa treni.

Nilisema baadhi ya nyumba hazionekani kwa macho ya mtu mwenye haraka. Akasema, nenda kasome, mzee mwenzangu, kisha uje tuzungumze. Watu walicheka. Kinyozi alicheka kuliko wote, lakini yeye hucheka hata mazikoni.

Nimerudi nyumbani nimeloa jasho. Bibi Mkuu amesema atamuuliza mwandishi mwenyewe, mbele ya mhariri, kama kuna nyumba au hakuna. Nimekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Sijaisha. Kinyozi alikuja mlangoni asubuhi, kitabu kwapani, kuomba radhi. Alisema, mzee wangu, tumekucheka bure, nyumba ipo. Tena amefurahi mno. Hajapata kusoma jambo la kuchekesha kama yule bibi. Anafunga mlango, anautikisa, anakumbuka kitu, anafungua, anaingia, anatoka, anafunga. Kila mara ufunguo wenye uzi mwekundu unamwanguka kidoleni.

Nilimshukuru. Nilijua ananionea huruma, anataka kunipa moyo. Ni mtu mwema.

Alipokwisha kushuka ndipo nilipokumbuka kwamba sikuandika uzi. Ulikuwa mwekundu.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi naye ameiona. Amelia tena. Hakuiona wiki iliyopita, na anadhani ni kwa sababu alikuwa anasoma akiwa zamu. Anasema yule mama alimuuliza ni saa ngapi. Nikamrekebisha: alimuuliza mhusika mkuu. Muuguzi akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekataa sindano. Akasema hapana baba, mhusika mkuu hayumo katika sura hiyo. Hamna mtu mwingine humo.

Mkutubi analalamika. Nakala za riwaya zinarudi na takataka katikati ya kurasa, anadhani watu wanakwangua kuta wanaposoma. Amenifunulia kiganja. Vipande vidogo vya rangi ya kijani, vikavu, vimejikunja. Aliniuliza kama najua ni nini. Nilimwambia ni uchakavu wa jalada.

Jalada la riwaya ni jeupe.

Hata hivyo lazima nitazame upande wenye faida. Wasomaji wawili wanaunga mkono tahakiki yangu. Ya Bibi Mkuu haina hata mmoja.

Jumatano, 12 Machi

Nimemkuta Dada anasoma. Dada, ambaye husoma chupa za dawa tu, na hizo huzisoma kwa mashaka. Riwaya imefunguka mapajani mwake, mboga zimeungua jikoni. Aliniuliza, Kaka, huyu mwandishi amemjuaje Mama?

Nilimwambia waandishi ni watu wa kusikiliza maongezi ya wengine kwenye foleni. Nyumba zenye milango ya kijani ni nyingi duniani.

Akasema Mama amevaa shati la Baba, lile lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Nikasema mashati ya namna hiyo pia ni mengi. Akasema kifungo hicho alikishona yeye, siku ile, ndiyo mara ya kwanza kupewa sindano, na hakuna aliyejua ila Mama.

Hilo sikulijua. Sasa siwezi kusema kwamba nililibuni.

Hakula. Aliisoma sura ile, akafika mwisho, akairudia kama mtu anayepanda na kushuka ngazi zile zile. Nilimuuliza ameonaje mtindo. Hakunisikia.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimesoma kitabu. Chote, mchana kweupe, kando ya dirisha, rula chini ya kila mstari. Kutoka mwisho hadi mwanzo, maana sijui kusoma vingine.

Kuna makosa mengi ya mikato. Kuna "kwa hiyo" pasipo sababu. Katika sura ya tisa kuna treni. Nimepita neno kwa neno. Treni, mabehewa, mchuuzi wa karanga, handaki. Hakuna mlango wa kijani. Hakuna mtu anayefunga chochote. Nikachukua nakala ya Dada kutoka mezani, nikafungua palepale alipoweka alama. Treni.

Nilikuwa bado nimeshika rula Bibi Mkuu alipobisha hodi. Hajawahi kuja kwetu. Uso wake ulikuwa kama ubao uliofutwa vibaya. Alikaa bila kukaribishwa, akasema nyumba ipo. Ipo katika nakala yake, ile ile aliyowaonyesha watu, yenye alama zake za penseli pembeni mwa treni. Alama zipo. Treni haipo.

Nilimpa maji. Alipopata nafuu alisema, kwa haki, kwamba tukio lenyewe ni refu kupita kiasi. Lina marudio. Yule mwanamke anafunga na kufungua kurasa nzima, mhariri makini angelipunguza. Amejaribu mwenyewe kukata aya moja kwa penseli. Asubuhi mstari wa penseli haukuwepo na aya ilikuwa imeongezeka.

Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba yule mwanamke anamwita mwanangu. Na kila anapofika ngazi ile mbovu anageuka kumtazama, anauliza, wamefika?

Nilimuuliza amemjibu nini. Akasema yeye ni msomaji, msomaji hajibu. Halafu akasimama, akarekebisha kola. Akanionya kwamba Jumamosi swali lake liko palepale: ni nani aliyeandika sura hiyo? Kama si mwandishi, basi nimefanya jambo ambalo halina jina, na mhariri lazima ajue.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa na mpango. Asubuhi mapema nilibandika tangazo kwenye lango la maktaba: MKUTANO NA MWANDISHI UMEAHIRISHWA HADI JUMATATU. Herufi kubwa, mikato sahihi. Bibi Mkuu, mtu wa kufuata maandishi, angelisoma akarudi kwake.

Bibi Mkuu aliingia kwa mlango wa nyuma. Mhariri hakutazama. Aliyelisoma tangazo ni mwandishi peke yake, akageuka akaondoka. Kinyozi alimkimbilia akamkuta kituo cha basi.

Ni mwanamke kijana, mpole, viatu vya vumbi. Bibi Mkuu hakumpa nafasi hata ya kunywa maji. Alimuuliza: sura ya tisa, bibie, ni treni au ni nyumba? Mhariri aliacha kuandika. Nilihisi jina langu linabanduka gazetini herufi kwa herufi.

Mwandishi alisema anakumbuka kuandika treni. Aliipenda sana treni ile. Lakini tangu wiki iliyopita wasomaji wanampigia simu kumshukuru kwa nyumba, naye alipotazama aliikuta. Mtindo ni wake, pumzi ya sentensi ni yake. Siku aliyoiandika ndiyo haikumbuki. Akasema anataka kumshukuru mhakiki aliyeiona kabla yake. Watu wakanigeukia. Niliinama kidogo, kama inavyopasa.

Mhariri akamwomba aisome kwa sauti.

Nilifungua nakala yangu nifuatilie kwa rula. Yeye alisoma mlango, mimi natazama behewa. Alisoma kiti kinachoelekea ukutani, mimi natazama mchuuzi wa karanga. Kinyozi alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Muuguzi alijifuta macho. Mkutubi alifumba yake, akatabasamu, nadhani alikuwa anasikia mvua. Bibi Mkuu alishika penseli bila kuandika. Dada, kando yangu, midomo yake ilikwenda sambamba na ya mwandishi.

Mwandishi akafika pale. Alisoma: Akageuka kwenye ngazi, akauliza, wamefika? Alisema sura inaishia hapo.

Kinyozi aliacha kucheka. Kila mtu alikuwa na jibu mdomoni, hata mimi, lakini mimi nilikuwa natazama handaki, nikaona si mahali pa kujibia.

Dada akasema, tumefika, Mama. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili.

Mwandishi alitazama chini. Akasoma tena, polepole, kama anayesoma mwandiko wa mtu mwingine: Akasema, haya. Kama mmefika, mtaniambia lini nitoke.

Akafunga kitabu. Alisema sentensi hiyo haikuwepo. Aliomba kupelekwa kituoni.

Mhariri alikuja moja kwa moja kwangu akanishika mkono. Alisema hajapata kuona kitabu kikiwagusa watu namna ile, na kwamba mhakiki anayeweza kuona hivyo ndiye anayemhitaji. Safu ni yangu. Jina langu kila Jumatano. Nimerudi nyumbani nikihisi mwepesi mno, nikasahau kumngoja Dada.

Jumatatu, 17 Machi

Mhariri amenitumia riwaya ya kwanza. Inahusu ndugu wawili na mashine yao ya kusaga. Nyembamba. Nimesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Kinyozi ameshaanza nakala yake, anasema inahuzunisha sana, hajacheka hata mara moja. Muuguzi ameicheka tangu jalada.

Dada amekaa mbele yangu asubuhi yote bila kazi mkononi. Mwishowe alisema amelifikiria jambo hili akalimaliza. Ninachokiandika kinaonekana. Nilimwandika Mama anafunga mlango, na ndicho anachokifanya mpaka sasa. Aliniuliza kwa nini sikumwandika anatoka.

Nilisema wakati ule sentensi haikuhitaji.

Akasema, basi, Kaka, sasa inahitaji. Hataki mengi. Mstari mmoja, katika kitabu chochote, kwamba Mama ameshuka ngazi na kuja huku. Ameshaanika godoro. Amesogeza kitanda chake ukutani ili ipatikane nafasi. Alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa na vumbi la kijani. Nikamwahidi.

Mchana nilikutana na Bibi Mkuu kwa muuza magazeti. Alinipongeza kwa meno. Kisha akasema, mbele ya muuza magazeti, kwamba atanisoma kila wiki akiwa na penseli, na kila kosa atamwandikia mhariri, kwa upendo. Muuza magazeti alicheka. Na huyo hata vitabu hasomi.

Jumatano, 19 Machi

Tahakiki imetoka. Jina langu liko juu, peke yake, halina jirani.

Imekwenda vizuri. Nimesema kwamba tukio kuu la riwaya, ambalo wengi watalipita bila kuliona, liko katika sura ya nne. Mwalimu mkuu mstaafu anatembea katika ujia wa shule yake ya zamani akitafuta mlango wa kutokea. Kila mlango anaoufungua ni wa darasa. Kila darasa limejaa, na linasimama kumwamkia. Naona nimelichora kwa ustadi. Lile la kuamkiwa limenijia mwishoni kabisa.

Kinyozi ameshaliona, anasema hatimaye kitabu kimechangamka. Mkutubi analalamika juu ya vumbi la chaki. Muuguzi hakucheka, aliniuliza kama nimemwona Bibi Mkuu, maana leo hakuja kikundini, jambo ambalo halijapata kutokea. Anasema alipita kwake. Mlango ulikuwa wazi, miwani iko juu ya kitabu, na kitabu kimefunguliwa. Nilisema hata wenyeviti hupumzika. Kikundi kinahitaji mwenyekiti wa muda, nami nimekubali.

Dada alilisoma gazeti hadi mwisho, akaligeuza nyuma, akalisoma matangazo ya vifo na ya baiskeli, akarudi mbele. Aliniuliza Mama yuko wapi.

Nilimweleza kwa upole kwamba safu ni fupi, na kwamba mhakiki makini haingizi mambo ya familia katika kazi.